Kuwamba djembe upya: siku 14, na makosa yaliyokula ngozi tatu

Ngozi ya djembe, ngoma ya Afrika Magharibi inayopigwa kwa mikono, ikipasuka haijifichi. Hutoa mlio mmoja mkavu, kama tawi limevunjika ndani ya nyumba, na mara nyingi huwa usiku, wakati hakuna mkono ulioigusa. Asubuhi unakuta ufa umeanzia ukingoni ukafika katikati. Kazi ya wiki mbili imekwenda. Inauma, na kinachouma zaidi ni kwamba hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mikono iliyowamba.

Huu ni mwenendo wa kazi moja ya kuwamba djembe upya, tangu siku ya kuvua ngozi kuukuu hadi siku ya kuipiga. Ngozi tatu zilipotea kabla ya ya nne kukaa. Ya kwanza iliozea kwenye ndoo, ya pili ilichanika ikiwa inakauka, ya tatu ikapasuka usiku baada ya kukazwa. Kila moja ilikuwa na sababu yake, na zote tatu zilikuwa zinaepukika. Ndiyo maana tunaziandika.

Neno moja kuhusu jina. Tunaandika djembe ili msomaji asidhani tunazungumzia jembe la kulimia. Lakini huko kwao viwili hivi vinakutana kweli: Wamaninka wa Guinea wana mdundo uitwao kassa, unaopigwa shambani watu wakiwa wanalima, na ngoma ndiyo inayoshikilia mwendo wa majembe.

Kabla hujagusa kamba, elewa kwa nini djembe hukazwa kupita ngoma nyingi za kwetu. Kwao ni nchi ya Wamaninka, mashariki mwa Guinea na kusini mwa Mali. Haipigwi peke yake. Nyuma yake husimama dunun tatu za ngozi ya ng'ombe: kenkeni ndogo, sangban ya kati na dununba kubwa, zote zikipigwa kwa fimbo, na huko Guinea kila moja ikiwa na kengele ya chuma juu yake. Pembeni kuna djembe nyingine inayorudia mdundo uleule bila kuchoka. Djembe ya kuongoza lazima ipite juu ya chuma na ngozi zote hizo, kwa mikono mitupu, imfikie mchezaji aliye katikati ya duara. Yeye anakanyaga, nayo inamjibu hatua kwa hatua. Ndiyo inayoita mwanzo na ndiyo inayofunga. Mpigaji wake huitwa djembefola, na hiyo fo ni kusema: mtu anayeisemesha djembe. Ikiwa imelegea, mchezaji hasikii anachoambiwa.

Sauti zake za msingi ni tatu. Kuna mzito wa katikati ya ngozi, unaotoka kiganja kizima kikishuka na kuinuka. Kuna wa ukingoni, wa vidole vilivyoshikana, ulio wazi na wa mviringo. Na kuna kofi, vidole vikiwa vimelegea kidogo, sauti kali inayokata. Ngozi mbovu bado itakupa mzito. Kofi ndilo linaloumbua kazi ya mwambaji, kwa sababu halitoki kama mvuto haujalingana pande zote.

Zamani ngozi ilishikwa kwa kamba za ngozi mbichi iliyosokotwa, na kabla ya kupigwa ngoma ilipashwa moto, kama msondo na chapuo zinavyopashwa kwetu hadi leo. Pete za chuma na kamba za viwandani zilipoingia katika nusu ya pili ya karne ya 20, sauti ilipanda juu mno. Hilo lilikwenda sambamba na jukwaa. Kundi la Les Ballets Africains, lililoanzishwa na Fodéba Keïta, liliipeleka djembe kwenye kumbi za Ulaya na Marekani, na baada ya uhuru wa Guinea mwaka 1958 likawa kundi la taifa. Wapigaji kama Famoudou Konaté, na baadaye Mamady Keïta aliyefariki mwaka 2021, waliisambaza kwa wanafunzi wa dunia nzima. Leo iko Bagamoyo, iko Nairobi, iko kwenye ibada na kwenye bendi za hotelini. Watu wanaojua kuiwamba hawakusambaa kwa kasi hiyohiyo.

Siku ya 1: kuvua na kupima

Usikate kamba kwa kisu kwa haraka ya kutaka kufika kwenye mti. Zifungue. Hesabu kamba za wima, hesabu vitanzi vya pete ya juu na vya chini, piga picha. Djembe yetu ilikuwa na kinywa cha sentimita 34 kutoka nje hadi nje, urefu wa sentimita 60, na vitanzi 32. Mzingo wa kinywa ni kama sentimita 107, kwa hiyo kitanzi kimoja kinaangukia kila sentimita 3 na theluthi moja hivi. Vitanzi vikipungua sana, ngozi huvutwa kwa vishindo, na kati ya kitanzi na kitanzi panabaki uvivu unaosikika.

Pete ni tatu. Mbili za juu zinalingana: moja hukunjiwa ndani ya ngozi, nyingine, yenye vitanzi, hukaa juu yake na kuibana. Ya tatu ni ndogo, hukaa kiunoni. Kama pete za zamani zimepinda au zimeliwa na kutu, chomelea mpya kwa nondo laini ya milimita 6 au 8, isiyo na michirizi. Hapa ndipo mafundi wengi wa kuchomelea hukosea, kwa sababu hupima kinywa kikavu wakasahau ngozi. Pete inatakiwa kuzidi kinywa kwa milimita 8 hivi, yaani milimita 4 kila upande, kutoa nafasi ya ngozi na kitambaa kinachozungushiwa pete. Kwa kinywa cha sentimita 34 na nondo ya milimita 6, kata sentimita 111. Ikibana sana, ngozi itachanika ukiishusha. Ikilegea sana, itashuka upande mmoja na haitarudi. Mwambie fundi asage kovu la kuchomelea mpaka kidole kipite bila kuhisi kitu, kwa maana nundu ndogo ya chuma hukata kamba taratibu, na hutajua mpaka siku ngoma iko juu kabisa.

Kamba ndiyo iliyokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, na ilinunuliwa mara mbili. Ile ya kwanza ilikuwa nailoni ya dukani, nene na ya kupendeza macho. Nailoni hunyumbuka: leo unakaza, kesho imelegea, na unaendelea kuvuta ukidhani ni ngozi. Mkonge nao hukatika. Inayotakiwa ni polyesta isiyonyumbuka, milimita 5, ya aina inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mashua. Ijaribu hapohapo dukani: funga ncha moja kwenye nguzo, shika mita 2 mbele, egemea kwa uzito wako wote. Ikirefuka zaidi ya sentimita chache, iache.

Hesabu ya urefu ni hii. Vitanzi 32 vya juu hula kama sentimita 15 kila kimoja, jumla karibu mita 5. Vya chini hula kama sentimita 12, jumla karibu mita 4. Kamba za wima ni 64, kila moja sentimita 30 mwanzoni, karibu mita 19, na mkia wa kuvutia mita 4 au 5. Nunua mita 34. Ukipungukiwa na mita moja siku ya 13 utaunga, na fundo la kuunga halipiti kwenye vitanzi.

Siku ya 2 na ya 3: mti

Kwa Wamaninka mzinga, yaani mwili wa ngoma, huchongwa na numu, mhunzi, yuleyule anayefua jembe na shoka. Miti inayopendwa ni migumu: lenge, djalla, gueni. Msomaji wa Afrika Mashariki anawajua ndugu zao bila kujua. Lenge ni wa jamii moja na mkongo, ambao pwani wanauita mbambakofi. Djalla ni jamii ya mkangazi. Gueni ni jamii ya mninga. Iroko wa Côte d'Ivoire ni mvule wetu wenyewe. Djembe nyingi za kuuzia watalii zimechongwa kwa mti mwepesi, na hizo ziwambe kwa kiasi: mti mwepesi hupasuka kiunoni kabla ngozi haijafika panapotakiwa.

Angalia kama mzinga umebunguliwa. Vitundu vyenye unga mpya chini yake maana yake mdudu bado yumo, na ni kazi ya kumaliza kabla ya nyingine yoyote. Nyufa nyembamba zizibwe kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la mti uleule.

Kisha njoo kwenye mdomo, na hapa usihesabu saa. Simamisha mzinga kichwa chini juu ya kioo au meza iliyonyooka, mguu ukiwa juu. Tia tochi ndani kupitia mguuni, zima taa. Kila mahali mwanga unapochungulia ni pale ngozi isipokaa, na pale ndipo patakapovuma baadaye, mvumo unaofanana na wa nyuki aliyenaswa, ambao hakuna kukaza kutakakouondoa. Gundisha msasa kwenye ubao mpana ulionyooka, uzungushe mdomo juu yake, rudi kwenye tochi. Sisi tulirudi mara tisa.

Mdomo ukishanyooka, viringisha ukingo kwa tupa na kumalizia kwa msasa laini, hasa upande wa nje, mviringo wa milimita 5 hivi. Ngozi inapita hapa kwa kugeuka karibu pembe mraba, ikiwa imevutwa kwa nguvu kubwa. Ngozi yetu ya tatu, ile iliyopasuka usiku, ilikatwa na sehemu ya ukingo isiyozidi urefu wa kidole, iliyobaki kali. Macho hayakuiona, wala mkono haukuihisi. Tangu hapo kipimo chetu ni soksi nyembamba ya nailoni: ipitishe kwenye ukingo wote polepole, na ikinasa hata uzi mmoja, msasa haujaisha. Mwisho sugua nta ya nyuki au mshumaa juu ya ukingo ili ngozi iteleze inaposhuka.

Mti ulio mkavu upake mafuta ndani na nje, mara mbili, ukiacha ukingo. Mali na Guinea hutumia mafuta ya shea, ambayo kwetu hupatikana kaskazini mwa Uganda. Ya kitani nayo yanafaa. Angalizo moja ambalo lingeweza kuunguza karakana: tambara lililolowa mafuta ya kitani, likikunjwa na kutupwa pembeni, hupata joto na kuwaka lenyewe. Litandaze nje likauke, au lizamishe kwenye maji.

Ngozi, na jambo la kimeta

Chagua ngozi ya mbuzi jike mkubwa, si ya mwanambuzi wala ya beberu mzee. Ya beberu ni nene na huzima kofi. Ya mwanambuzi haivumilii. Iwe imekaushwa kwa kuwambwa, bila chumvi. Ngozi iliyotiwa chumvi hunyonya unyevu wa hewani maisha yake yote, na pwani maana yake ni ngoma inayolegea kila jioni. Iliyolainishwa kiwandani kwa ajili ya viatu haifai kabisa. Inua ngozi uelekeze kwenye jua na uisome: alama za kisu upande wa nyama, makovu ya kupe, matundu madogo. Kisu cha mchinjaji kikiwa kimeingia hata nusu ya unene, ngozi hiyo mrudishie. Unahitaji mviringo safi wa sentimita 58 hivi kwa kinywa cha 34, na mstari wa uti wa mgongo upite katikati, ili mkono wa kulia na wa kushoto vipate unene uleule.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu, hukaa kwenye ngozi na manyoya ya mnyama aliyekufa nacho, na mbegu zake haziuawi na jua wala maji. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta baada ya kufanya kazi na ngozi za mbuzi zilizotoka Côte d'Ivoire. Mwaka 2008 mwingine alifariki London kwa kuvuta vumbi la ngozi alizokuwa akizishughulikia. Huku kwetu ugonjwa huu haujaisha, na mbuzi aliyekutwa amekufa porini mara nyingi ngozi yake huuzwa rahisi. Usiinunue. Chukua ngozi machinjioni, ya mnyama aliyekaguliwa na mtu wa mifugo. Usikwangue wala kusugua msasa ngozi kavu bila barakoa, na usifanye kazi hiyo ndani ya nyumba wanamolala watoto. Kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi katikati, baada ya kushika ngozi, ni cha kupeleka hospitali siku hiyohiyo na kumwambia daktari kwamba umeshika ngozi.

Jioni ya siku ya 3 ngozi iliingia kwenye maji baridi. Saa 12 hadi 18 zinatosha. Ikishalegea kama kitambaa kilicholowa, imefika. Maji ya moto huisinyaza na kuiua. Ngozi yetu ya kwanza iliachwa siku mbili katika joto la Dar es Salaam, maji hayakubadilishwa, na ilipotolewa manyoya yalikuwa yanatoka kwa kuguswa tu. Harufu yake ilitosha kusema yaliyobaki.

Siku ya 4: kuwamba

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Methali inazungumzia tabia ya watu, lakini aliyeitunga alikuwa amewahi kuona ngoma ikiwambwa. Mwili wa mtu aliyeketi huvuta upande wake bila yeye kujua, na pete hushuka upande wa goti lake. Wambeni wawili, mkikabiliana. Tandaza ngozi juu ya kinywa, manyoya juu, uti wa mgongo katikati. Shusha pete ya kwanza juu ya ngozi, kunja pindo lirudi juu, kisha shusha pete yenye vitanzi ibane. Sasa shikeni mapindo na mvute kwa pamoja: wewe kusini, mwenzako kaskazini, kisha mashariki na magharibi, kisha katikati ya hizo. Mikunjo yote itoweke kabla kamba haijaingia.

Kamba hupita kitanzi cha juu, kitanzi cha chini, kitanzi cha juu, mpaka mzunguko ukamilike. Ondoa ulegevu kwa mkono, ukifuata kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, na baada ya kila mzunguko chukua rula upime umbali kati ya ukingo na pete katika sehemu nane. Tofauti ikizidi milimita 3, rudi ukavute pale palipo juu. Kasoro ya siku hii haisahihishiki tena ngozi ikishakauka; itafuata ngoma mpaka ngozi hiyo itakapovuliwa.

Simama pete zikiwa sentimita moja na nusu chini ya ukingo. Hapo ndipo ngozi ya pili ilipotuponyoka. Ikiwa imelowa ngozi hukubali kila kitu, inashuka kwa raha, na mikono hufurahia. Tukaishusha sentimita 4. Lakini ngozi ikikauka husinyaa na kujivuta yenyewe, na ile iliyokwisha kuvutwa kupita kiasi haina pa kukimbilia. Ilichanika siku ya tatu, kando ya pete, bila kukazwa na mtu.

Siku ya 4 hadi ya 8: kuacha

Iwekwe kivulini penye upepo, imesimama juu ya vitofali viwili ili hewa ipite ndani. Isianikwe juani, uso utakauka kabla ya pindo lililobanwa kati ya pete, na pindo lenye maji litateleza siku ya kukaza. Siku tano ni za kawaida, na masika huongeza mbili au tatu. Gusa pindo, si katikati. Likiwa bado baridi kwenye shavu, subiri.

Siku ya 9 hadi ya 13: kunyoa na kukaza

Nyoa kwa wembe mpya, ukilaza karibu na ngozi, ukifuata manyoya yanakolala. Wembe ukianza kuruka, badilisha. Ngoma moja hula nyembe tatu. Ngozi iliyonyolewa namna hii hubaki na uso wake mgumu wa asili, tofauti na ile iliyotolewa manyoya kwa chokaa, ambayo hutoka nyeupe na laini. Hilo ni suala la masikio ya mtu, nasi tunaipenda ya wembe. Kata pindo lililozidi juu ya pete sasa.

Mvuto wa kwanza mkavu hufanywa kwa mti wa kuvutia, mpini mfupi uliosokotewa kamba mizunguko mitatu na kuegemezwa kama wenzo. Vuta kamba ya wima moja baada ya nyingine, mwenzako akibana ile iliyokwisha kuvutwa isirudi. Mzunguko mzima kwa nguvu ileile. Halafu acha siku moja kamili. Ngozi inahitaji saa hizo kujigawia mvuto kutoka ukingoni kwenda katikati, na anayezinyima ndiye anayeamshwa usiku na mlio. Siku ya 11 mzunguko wa pili, siku ya 12 mapumziko, siku ya 13 wa tatu. Pete sasa ziko kati ya sentimita 3 na 4 chini ya ukingo, mahali ambapo mkono haugongi chuma.

Kisha ndipo inakuja kazi ya almasi. Mkia wa kamba hupitishwa kiunoni, ukisokota kamba za wima mbilimbili hadi zipishane, na kila mpishano huacha umbo la almasi na kuongeza mvuto kidogo. Piga ngozi kila baada ya almasi tatu. Kwanza kofi litakuwa butu. Kisha litaanza kufunguka. Kisha, kwa ghafla, litakuwa wazi. Hapo simama, hata kama mkia bado una mita mbili. Weupe unaojitokeza kando ya ukingo, au mti kutoa mlio wa kuminywa, ni dalili kwamba umepita. Fungua almasi mbili mara moja.

Njia hii si ya kila ngoma. Kpanlogo ya Waga wa Accra na sabar ya Wawolofu wa Senegal hukazwa kwa vigingi vinavyogongwa kwenye mzinga, na mkono wake ni mwingine.

Siku ya 14 na baada yake

Kwa wiki ya kwanza ipigwe taratibu, na ijulikane kwamba itashuka. Ongeza almasi chache baada ya siku saba. Vua pete za vidoleni na saa. Usiruhusu fimbo iiguse: ngozi ya mbuzi imewambwa kwa ajili ya nyama ya kiganja, na ncha ya fimbo huacha doa la udhaifu linalokuja kupasuka baadaye. Mpira wa tairi la baiskeli uliozungushiwa chini ya mguu huzuia mti kuchanika kwa kuburutwa sakafuni.

Hali ya hewa ndiyo mpigaji wa pili wa djembe. Pwani, jioni za masika, ngozi hunyonya maji na kofi huzimika. Dakika chache za jua la asubuhi huirudisha, bila kuongeza almasi hata moja. Ukiikaza siku hiyo ya mvua kisha ukaipandisha basi kwenda Dodoma wakati wa kiangazi, hewa kavu itamaliza kazi uliyoianza. Djembe inayosafiri kutoka pwani kwenda bara hufunguliwa almasi nne kabla ya safari, mkia ukafungwa vizuri, na ikifika hupewa usiku mmoja nje ya mfuko wake kabla ya mtu kuikaza tena.